Kurasa za Nyuma za Daktari Tumsifu

Kila kitabu cha Daktari Tumsifu kina kurasa za nyuma, na kwa miaka tisa mfululizo kurasa hizo zilikuwa mali ya Penina.

Tuelewane kwanza. Daktari Tumsifu hayupo. Ni mwanamke wa vitabuni, daktari wa kuchunguza maiti, makao yake Arusha, ambaye huitwa kila anapookotwa mtu aliyekufa kifo chenye maswali. Huvaa glavu, hunusa, hupima, huokota funza mmoja mmoja na kuwatia chupani, na ukifika ukurasa wa mia mbili muuaji ameshajulikana. Anayemtunga ni Silvanus, mwalimu wa zamani aliyekulia mjini Dodoma, mtu mpole ambaye ukimwona huwezi kudhani kichwani mwake mna maiti wengi kiasi kile. Hutoa kitabu kimoja kila mwaka, na sasa vimefika kumi na tatu. Nyuma ya kila kimoja huweka kurasa sita za Maoni ya Wasomaji, yale aliyoandikiwa kuhusu kitabu kilichotangulia, na huyapanga kwa uzito. Hilo alilisema mwenyewe: maoni mazito hutangulia, mepesi hufuata, na ya kusifia tu bila sababu hubaki nje.

Kuanzia kitabu cha nne hadi cha kumi na mbili, maoni yaliyotangulia yalikuwa ya Bi. Penina wa Karatu.

Penina alitunza maktaba ya parokia, chumba kimoja chenye rafu nne na dirisha linalotazama barabara ya lami inayopanda kuelekea geti la Ngorongoro. Mume wake alishafariki, watoto walikuwa Babati na Singida, na simu zao zilikuja kwa nadra. Kila mtu ana kitu kimoja kinachomfanya atembee kifua mbele. Wengine wana bati jipya, wengine wana mtoto padri. Penina alikuwa na jina lililochapwa mara tisa, juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene. Alikuwa anayajua maoni yake yote tisa kwa moyo, na mgeni akiingia maktaba kutafuta kitabu cha kilimo angeweza kutoka amesomewa mawili au matatu.

Jumamosi saa tisa alasiri wasomaji kumi au kumi na wawili walikutana pale kuzungumza juu ya Daktari Tumsifu. Wilibrodi, dereva mstaafu wa watalii, alikuwa akilalamika kwamba daktari hana dereva wa maana. Laurencia, mshonaji, alitaka daktari aolewe. Wakishasema yao yote, walinyamaza na kumgeukia Penina, naye alivua miwani, akaifuta, akaivaa, ndipo akasema kitabu kilikuwaje. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Usidhani walimwogopa, walimzoea tu, na yeye alipenda kuzoewa namna hiyo.

Sasa njoo kwa Nareyu.

Nareyu ni mama wa Malambo, kule chini upande wa pili wa milima, mfugaji, mwenye miaka sitini na ushei. Hajakaa darasani hata siku moja. Binti yake Seenoi alisoma sekondari Karatu, akawa anaazima vitabu maktaba, na aliporudi nyumbani akaendelea kuviagiza kwa dereva wa gari la abiria linalokuja siku za mnada. Jioni, akimaliza kukamua, Seenoi humsomea mama yake huku akigeuza Kiswahili kuwa Kimaasai, ukurasa kwa ukurasa. Na Nareyu si msikilizaji wa kukaa kimya. Anabisha. Anamsimamisha daktari katikati ya sentensi.

Alipomaliza kusikia kitabu cha kumi na mbili, alimwambia Seenoi achukue karatasi. Mtandao wa Malambo huja na kuondoka utakavyo, kwa hiyo barua ilikuja kwa yule dereva mpaka mezani kwa Penina, ili Penina aipige picha na kumtumia Silvanus kwa simu. Ndivyo alivyowafanyia wasomaji wote wa mbali, wa Piyaya, wa Endabash, wa kila pembe. Hakuna barua iliyofika kwa Silvanus kutoka huku bila kupita kwenye simu ya Penina, na hakuna iliyopita bila kusomwa.

Kumbuka kitabu cha kumi na mbili kilikuwa kinahusu nini. Mtu amekutwa amefukiwa chini ya mavi ya ng'ombe katika boma lililohamwa. Daktari Tumsifu anaitazama maiti ilivyoharibika, anapiga hesabu, anasema huyu amekufa siku kumi zilizopita. Siku ya kumi nyuma, kijana mchungaji aitwaye Supeet alionekana karibu na boma lile. Supeet anafungwa maisha. Penina aliandika kurasa tatu za kumsifu daktari kwa hesabu zile. Alisema zimenyooka, hazina pa kupenya hata sindano.

Barua ya Nareyu ilisema hivi:

"Mimi Nareyu sijasoma shule, binti yangu ananisomea nami nasikia. Huyu daktari wenu ana akili lakini hajawahi kukaa karibu na boma. Mavi ya ng'ombe yakirundikana na kunyeshewa yanachemka kwa ndani. Ndama akifa tukamfukia humo, siku ya nne ukimfukua nyama inaachia mfupa. Huyo marehemu hakulala mle siku kumi. Alilala nne. Na siku ya nne nyuma Supeet alikuwa mnadani, mmeandika wenyewe ukurasa wa hamsini na tatu. Mmemfunga mtu bure. Mtoeni."

Penina aliisoma kwa sauti Jumamosi ile, akiigiza sauti nzito, na chumba kizima kikacheka. Wilibrodi alipangusa machozi. Kisha akaipiga picha na kumtumia Silvanus, na chini yake akaandika: "Nakutumia hii upumzike kidogo na kazi."

Mwaka ukapita. Kitabu cha kumi na tatu kikaja na basi la Arusha, katoni nzima, na Penina akafanya alivyofanya kila mara: alichukua nakala ya juu, akaigeuza, akaifungua kwa nyuma.

Juu kabisa, kwa herufi nene, palikuwa na jina la Nareyu wa Malambo. Barua yake ilikuwa pale yote, haikupunguzwa neno, na chini yake Silvanus alikuwa ameongeza maelezo yake mwenyewe ya kurasa mbili. Maoni ya Penina yalikuwa ya tano. Kurasa zake tatu zilikuwa zimekuwa mistari saba, na katika hiyo saba hapakuwa na sindano wala hesabu zilizonyooka. Alifungua kitabu mbele, na mbele palikuwa na maneno haya: "Kwa Mama Nareyu, aliyemtoa Supeet gerezani."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kitabu chote cha kumi na tatu kilikuwa ni Daktari Tumsifu kurudi kwenye lile boma, kuchomeka kipimajoto kwenye mavi, kushika kichwa, na kwenda kuomba radhi mbele ya hakimu. Mama mmoja wa Malambo alikuwa amemgeuza Daktari Tumsifu, kitu ambacho Penina hakuwahi kukifanya kwa miaka tisa ya kalamu.

Wivu ulimshika Penina. Alitamani kusema kwamba Nareyu amebahatisha, lakini lililomuuma zaidi ni kwamba hakubahatisha, na kwamba yeye Penina alikuwa akijua. Alizaliwa Kansay, katika nyumba ya zamani ya Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, watu na ng'ombe chini ya paa moja. Mwezi wa saba, baridi ikizidi, yeye na wadogo zake walikuwa wakichomeka miguu kwenye lundo la samadi nyuma ya nyumba kuipasha moto, na mama yao akiwafukuza kwa fimbo. Joto lile alilijua kwa nyayo zake. Lakini alipokutana nalo kitabuni halikumjia, kwa sababu alikuwa anamsoma daktari, na mbele ya daktari aliacha ya Kansay mlangoni.

Jumamosi iliyofuata wasomaji walikuja mapema kuliko kawaida.

"Hiki ndicho bora kuliko vyote," alisema Laurencia. "Mpaka Supeet anakumbatiana na mama yake pale nje ya gereza, mimi nililia nikashindwa kushona."

"Mimi nilichopenda ni kwamba daktari amekosea," alisema Wilibrodi. "Vitabu kumi na mbili hakosei. Nilikuwa nimeanza kumchoka. Sasa ni mtu." Kisha akamtazama Penina kwa jicho la utani. "Ila Bi. Penina, safari hii wamekupa siti ya nyuma kabisa. Ile inayorusha wageni."

Walicheka kidogo, kwa adabu. Penina alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kitabu ni cha wastani," alisema. "Mwandishi ameanza kuwasikiliza watu wengi mno."

Safari hii walibishana naye. Laurencia alisema, "Hapana, dada, hapo sikubaliani nawe," na wengine wawili wakaitikia. Penina alifunga maktaba nusu saa kabla ya muda, akisema kichwa kinamuuma.

Miezi minne baadaye Silvanus alimtumia ujumbe. Mswada wa kitabu cha kumi na nne ulikuwa tayari, na habari yake ilihusu mauaji ya Piyaya, huko huko ufugajini. Hakutaka kukosea tena mbele ya watu. Alikuwa anauweka kwenye basi, ndani ya bahasha, na alimwomba Bi. Penina aukabidhi kwa dereva wa Malambo ili Mama Nareyu ausikie kabla haujaenda kuchapwa. "Nakuamini wewe, ndiyo maana naupitisha kwako," aliandika.

Penina aliusoma ujumbe ule mara nne. Miaka yote ile Silvanus hakuwahi kumpa mswada. Alikuwa akimpa kitabu kilichokwisha, kama wasomaji wengine wote. Na sasa anamtwika bahasha apeleke kwa mwenzake.

Bahasha ilifika Jumanne. Gari la Malambo lilikuja Jumatano, dereva akachungulia dirishani na kuuliza, "Shikamoo mama, kuna mzigo wa kwetu leo?" Penina alisema marahaba, hakuna. Gari lilipoondoka, alifunga mlango kwa ndani, akachana bahasha kwa rula na kukaa kusoma, mchana kweupe, huku watoto wa katekisimu wakiimba ng'ambo ya ukuta.

Alisoma siku mbili. Mswada ulikuwa mzuri, na hilo nalo lilimkera. Mzee Ngoyai wa Piyaya ameuawa alfajiri akiwa kitandani, mkewe akiwa kando yake, na mke hakusikia kitu. Daktari Tumsifu anachunguza jeraha, anachunguza nyayo, anasema muuaji aliingia pekupeku, ni mtu wa mbali aliyekodiwa.

Nia ya Penina haikuwa safi, na hatuna haja ya kuisafisha. Alikusudia kuandika maoni ya kipumbavu, atie jina la Nareyu, apige picha na kutuma. Silvanus angeyasoma, angetikisa kichwa na kusema kumbe yule mama alikuwa na neno moja tu, la mavi, na limekwisha. Barua ya zamani ya Nareyu ilikuwa bado kwenye faili. Penina aliiweka mbele yake ili aige mwandiko wa Seenoi, wenye herufi za mviringo, na akaanza: "Kitabu ni kizuri lakini ng'ombe ni wachache."

Akalikata. Lilikuwa la kipumbavu kweli, na hakuweza kuvumilia kuliona kwenye karatasi. Akaanza tena: "Ngoyai alikuwa mtu mbaya, bora amekufa." Akakata na hilo. Karatasi ya tatu ilipokaa mbele yake safi, alirudi kwenye sura ya nne kutafuta kitu cha kukosoa vibaya, na pale pale akaona kitu cha kukosoa vizuri. Miaka tisa alikuwa akimsifu daktari, na sasa kwa mara ya kwanza alimwona daktari amepita kando ya jambo bila kulijua. Kalamu ilimchukua mpaka Kansay, hakukumbuka tena alikuwa anaiba jina la nani. Aliandika saa tatu bila kuinuka. Alipomaliza aliyasoma, akajua kwamba hajawahi kuandika hivyo, na pengine hataandika tena.

Angeweza kuyachana. Angeweza kutia jina lake. Lakini angemwambia nini Silvanus, kwamba amefungua bahasha ya mtu? Akaandika chini, kwa herufi za mviringo, "Nareyu, Malambo," akapiga picha, akatuma. Alijiambia kwamba Silvanus ataona ni ya kawaida tu.

Kesho yake Silvanus aliandika kwenye kundi la wasomaji la simu, mbele ya watu mia nne. Alisema amepokea maoni ya Mama Nareyu juu ya mswada, na tangu aanze kuandika hajapata maoni kama hayo kutoka kwa mtu yeyote. Ameandika upya sura mbili na amebadili muuaji. Maoni hayo hayatakaa nyuma ya kitabu. Yatakaa mbele, kama dibaji. Na Jumamosi ya mnada anakuja Karatu mwenyewe kumshika mkono Mama Nareyu.

Pongezi zilimiminika. Watu wa Mwanza, watu wa Tanga, watu ambao hawajui Malambo iko wapi, wote wakamsifu Nareyu. Laurencia aliandika, "Huyo ndiye msomaji." Wilibrodi akampa dereva wa Malambo ujumbe mfupi wa kumwambia Mama Nareyu kwamba mwandishi anakuja kumsalimu. Penina alikaa na simu mapajani akizisoma moja baada ya nyingine. Alimwonea Nareyu wivu kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe. Ukitafuta wivu mchungu kuliko huo hutaupata.

Jumamosi ikafika. Penina alikuwa ameomba kimoyomoyo gari la Malambo liharibike, na ni vibaya kuombea gari la watu, lakini aliomba. Halikuharibika. Saa nane na nusu Nareyu aliingia maktaba akiwa na Seenoi, mama mrefu mwenye shuka ya bluu na shanga zilizomfunika kifua, akawashika mikono wote mmoja mmoja. Alipofika kwa Penina aliushikilia mkono wake kidogo.

"Wewe ndiye Penina wa barua," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Seenoi anasoma ya kwako kwanza kila siku. Mimi namwambia, anza na yule mama wa Karatu, nijue nibishane na nani."

Penina alisema karibu sana mama, akakimbilia kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Silvanus alikuja na fulana ya mistari na mkoba wa ngozi, mdogo kuliko walivyomtarajia. Aliomba wasikae sana kwenye salamu, akatoa karatasi na kusema atayasoma maoni yale yote, ili Karatu iwe ya kwanza kuyasikia. Akasoma:

"Mwandishi, umesema mke wa Ngoyai hakusikia mtu akiingia. Sawa. Lakini umemsahau mwenye nyumba wa pili. Ndani ya nyumba ile kuna ng'ombe, na ng'ombe halali kama mtu. Anacheua, na sisi tuliokua juu yake, tukilala darini huku joto lake likitupandia miguuni, tulijifunza kulala kwa kufuata taya zake. Pumzi yake ilikuwa ndiyo blanketi letu. Mgeni akisogelea mlango, ng'ombe anaacha kucheua. Hapigi kelele, anaacha tu. Na mtu aliyekulia mle anaamka, kwa sababu ukimya umemwamsha. Daktari amepima damu na nyayo, hakumuuliza mjane swali moja: taya ziliacha? Kama ziliacha, mjane aliamka na anakudanganya. Kama hazikuacha, aliyeingia hakuwa mgeni. Ng'ombe alimjua. Mtafute muuaji aliyezoea kumkamua."

Chumba kizima kikapiga makofi. Wilibrodi alisimama kabisa. Laurencia alimwinamia Penina na kumnong'oneza, bila ubaya wowote, "Unaona, dada? Maoni yanatakiwa yaandikwe hivi." Penina aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa Nareyu.

Nareyu hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha sikio kwa Seenoi, ambaye alikuwa akimgeuzia maneno mpaka la mwisho. Alipomaliza, mama yule alifikiri kidogo.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini si yangu. Mimi sijaletewa kitabu."

Silvanus alitabasamu, akidhani ni unyenyekevu. "Mama, jina lako liko hapa."

"Jina ni langu, nyumba si yangu." Nareyu aliinuka. "Nyumba ya kwetu haina dari. Mimi nikisimama hivi, kichwa kinagusa paa. Ndani tunaweka ndama na watoto wa mbuzi. Ng'ombe mkubwa analala nje, kwenye boma, hata mvua inyeshe. Huyu aliyeandika amekua juu ya ng'ombe mkubwa, amelala juu yake kweli, huwezi kusema namna hii kama hujalala." Akawatazama wote, uso kwa uso. "Wanaolala na ng'ombe ndani ni nyinyi Wambulu."

Wambulu wote chumbani wakacheka. Wilibrodi alisema, "Hapo umetupata, mama." Kisha kicheko kikapungua chenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameanza kupiga hesabu ile ile. Mswada ulipita wapi. Nani hupiga picha barua. Nani kati yao alizaliwa Kansay. Hawakuhitaji Daktari Tumsifu. Kimoja kimoja, vichwa viligeuka.

Silvanus alikuwa bado ameshika karatasi. "Kama si yako, mama, sijui nifanye nini. Siwezi kuchapa maoni yasiyo na mwenyewe. Labda niyaondoe."

"Usiondoe," alisema Nareyu. "Hamisha nyumba, ilete huku Karatu. Na yaache bila jina, au weka langu, kama mwenyewe anaona haya."

Alisema hivyo kwa wema, na hapo ndipo alipomshinda Penina. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na watu wa Karatu ni waungwana, wangemwacha afunge maktaba aende zake. Lakini alipofikiria yale maneno, miguu ile darini, pumzi ile, mbele ya kitabu kwa herufi nene chini ya jina la Nareyu, mwaka hadi mwaka, alihisi ni afadhali aitwe mwizi.

"Ni yangu," alisema, na akasimama.

Laurencia alishika mdomo.

"Nilifungua bahasha. Nikaandika. Nikatia jina lako, mama, nilitaka yawe mabaya." Hakukaa. "Yakakataa kuwa mabaya. Ni yangu yote tangu neno la kwanza. Na mwalimu, pale baada ya pumzi umeruka mstari. Pana mstari mmoja unahusu mkia, umeuruka."

Silvanus aliitazama karatasi, na kweli alikuwa ameuruka. Yako mambo mazito aliyotakiwa kumwambia Penina juu ya bahasha na juu ya kuaminiwa, na usoni ilionekana kwamba atamwambia. Lakini kwanza alichukua kalamu, akakata jina lililokuwa chini ya ukurasa, akaandika la Penina. Penina alimwona akiliandika. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, na chini ya aibu, Mungu amsamehe, kulikuwa na furaha.

Nareyu alimsogelea, akanyoosha mkono wenye bangili.

"Haya. Umesema lako," alisema. "Sasa nipe kitabu, na mimi nisikie."

Mswada ulikuwa kwenye droo ya meza. Penina aliutoa, akampa, akashindwa kumtazama. Nareyu alimpa Seenoi, wakaketi kwenye benchi la dirishani, na Seenoi akaanza kusoma pale pale, kwa sauti ya chini, kwa Kimaasai. Watu walianza kuongea tena, polepole, juu ya chai na juu ya mnada, wakijitahidi kutomtazama Penina.

Hata ukurasa wa kwanza haukuisha. Nareyu aliinua mkono, Seenoi akanyamaza, na mama yule akasema jambo fupi, maneno matano au sita, huku akigonga karatasi kwa kidole. Seenoi alishangaa, akamgeukia Silvanus na kumweleza sikioni. Silvanus aliacha kikombe chake, akavuta kiti mpaka karibu nao na kufungua daftari.

Penina hajui Kimaasai. Alisogea hatua moja, kisha nyingine.

"Amesema nini?" aliuliza.

Silvanus alikuwa ameinama akiandika mbio, na Nareyu alikuwa ameshamwashiria binti yake aendelee.

"Seenoi, mwanangu," alisema Penina. "Mama amesema nini?"